Je, wajua kwa nini sakafu hubeba jina la dari?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba neno sakafu liliingia katika Kiswahili kwa kosa. Katika Kiarabu, saqf ni kile kinachofunika chumba kwa juu. Katika Kurani, sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 32, mbingu yenyewe imeitwa saqf, na wafasiri wa Kiswahili huandika dari. Sisi tunaikanyaga. Nilidhani kwamba watu wa kale hawakuona fundi alikuwa akinyoosha kidole wapi, wakalichukua neno la juu wakalilaza chini. Dhana hiyo ni dhaifu, kwa sababu inawafanya watu waliojenga nyumba za mawe kwa karne nyingi wasijue jina la kazi ya mikono yao. Isitoshe, neno dari nalo lina nyuso mbili: katika matumizi ya zamani ya pwani ni kilichofunika chumba, na pia ni orofa ya juu, hata aliyepanda huko akasemwa yuko darini.

Jibu limo katika jengo. Katika nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja, boriti za mikoko hupangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu wake ndio uliofanya vyumba vingi viwe vyembamba, kiasi cha mita 3 au pungufu. Juu ya boriti hulazwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa na kokoto. Zege hilo halikuachwa likauke lenyewe, bali watu walikaa safu wakalipigapiga kwa vipande vya mti, wakifuatisha wimbo. Anayepima unga kwa pishi ataelewa sababu: ukiumimina tu, pishi hujaa upesi, lakini ukilitikisa na kuushindilia, unga hushuka na nafasi hupatikana, kwa kuwa sehemu ya kilichojaza pishi ilikuwa hewa. Chokaa hukauka polepole, na maji yanapotoka huacha matundu na nyufa. Kila pigo huyafunga hayo kungali mapema.

Kazi hiyo ndiyo kusakifu, na kilichosakifiwa ni sakafu, kiwe juu ya boriti au juu ya kifusi cha chini. Maelezo haya nayapata zaidi katika ujenzi kuliko katika maandishi, lakini naona yana nguvu: neno lilifuata zege lenyewe, si mahali lilipo. Aliye chini akiinua macho huona boriti. Aliye juu hutandika mkeka juu ya kitu hicho hicho.

Mabati na saruji ndivyo vilivyoyatenga maneno haya, maana dari ya jipsamu haikanyagiki, na sakafu ya nyumba ya kawaida humwagwa juu ya ardhi. Katika majengo ya ghorofa, hata hivyo, zege moja bado ni sakafu kwa mpangaji wa juu na dari kwa jirani yake wa chini.