Kuchukua Kinyama kwa Sindano: Kwa Nini Umerudishwa Nyumbani

Lalamiko linalotufikia zaidi siku hizi kwenye tiba radiolojia (tiba kwa sindano na mirija myembamba, tukiongozwa na picha za ndani ya mwili) ni hili: "Nimesafiri usiku kucha, nimefika asubuhi, nimerudishwa." Tunawapa pole. Ila mara nyingi kilichomrudisha mgonjwa ni kikombe cha chai.

Kama miadi yako ni ya kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha kupimwa maabara) kwenye ini, au kuwekewa mrija wa mkojo kwenye figo, usile chochote kwa saa 6 kabla. Maji matupu, mwisho saa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula. Chapati nusu ni chakula pia. Dawa ya presha imeze kama kawaida, kwa funda moja la maji.

Halafu damu. Kwa kazi hizi mbili INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) isizidi kati ya 1.5 na 1.8, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zisipungue 50,000 kwa maikrolita. Majibu yakiwa nje ya hapo tunaahirisha, hata kama umeshasaini fomu ya ridhaa na bima imeshapitisha. Warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, lakini usiisimamishe mwenyewe! Mwenye vali bandia ya moyo akiiacha kiholela anaweza kupata kiharusi. Mwone kwanza daktari aliyekuandikia.

Kuna wanaosaini, kisha ndugu wanawatorosha wodini kwa sababu "kansa ikiguswa na sindano inasambaa." Seli kubaki kwenye njia ya sindano hutokea kwa nadra, hatukatai. Lakini kwa kansa nyingi, bila jibu la patholojia, yaani la kinyama kilichopimwa, hakuna mtaalamu atakayekuanzishia dripu za kansa, hospitali ya saratani ya Ocean Road wala kwingine. Uvimbe haukungoji wewe umalize vikao vya familia.

Wala hatujaribii watu; fani hii ina miaka mingi. Daktari wa radiolojia Charles Dotter alizibua mshipa wa mguu wa bibi wa miaka 82 bila upasuaji, Januari 1964, huko Portland, Marekani. Hapa nchini Chuo Kikuu cha Muhimbili kinafundisha fani hii tangu 2019.

Waliokwishawekewa mrija wa figo, wengi wao akina mama ambao saratani ya shingo ya kizazi imebana njia ya mkojo: hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi. Ukichomoka, usiusukume urudi wala usisubiri kliniki. Njoo siku hiyo hiyo; tundu huanza kuziba ndani ya saa chache.