Acheni kukaza boksi: dhana potofu kuhusu stering ya Land Rover za zamani za jeshi

"Stering inacheza, nikazie boksi kidogo." Karibu kila mwenye Land Rover kuukuu ya jeshi huja gereji na maneno hayohayo, akitaka nikaze skrubu ya stering boksi, yaani kasha la gia lililo chini ya usukani. Nimechoka kuyasikia, na nimechoka zaidi kuona maboksi mazima yakiharibiwa kwa spana na bisibisi.

Chukua Series IIA, iliyotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971. Stering boksi inasukuma rodi ndefu inayokwenda mbele hadi kwenye relei, shafti yenye mikono miwili inayopokeza mwendo, iliyochomekwa ndani ya chasisi. Relei inasukuma rodi nyingine iitwayo draglingi, draglingi inageuza gurudumu moja, na tairodi, rodi inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, inalivuta la pili. Hapo kuna boljointi sita, viungo vya mpira wa chuma kwenye ncha za rodi hizo. Kila moja ikilegea kidogo tu, ulegevu wote unajumlishwa na kuishia mikononi mwako. Skrubu ya boksi haiwezi kuondoa ulegevu wa hata moja kati ya hizo sita. Tena boksi huchakaa zaidi katikati, kwa sababu gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja. Ukilikaza hadi katikati pasicheze kabisa, litabana ukikata kona na usukani hautarudi wenyewe. Kwenye barabara ya vumbi, hiyo ni ajali inayosubiri siku yake.

Kupima hakuhitaji mashine. Gari likae chini kwa matairi yake, injini imezimwa. Mtu mmoja atikise usukani taratibu kulia na kushoto. Wewe lala chini, ushike kila jointi kwa kiganja, ukianzia kwenye boksi kuelekea magurudumuni. Ukikuta upande mmoja wa jointi unasogea na wa pili umetulia, umeshampata mhalifu. Kagua pia bolti zinazobana mikono ya relei kwenye shafti, maana zikilegea hudanganya mafundi wengi. Boksi liguswe mwisho kabisa.

"Gari limefanyiwa ukarabati wote, stering ni mpya." Hapana, limepakwa rangi. Mara nyingi chasisi imepigwa mchanga kwa kompresa boljointi zikiwa bado zimefungwa, raba zimepasuka, mchanga umeingia ndani, kisha rangi ya kijani ikafunika kila kitu. Kabla ya kupiga mchanga, toa jointi zote. Usigonge ncha yenye nyuzi za nati; weka nyundo moja upande huu wa jicho la mkono wa stering, yaani tundu linaloshika jointi, upige kwa nyundo nyingine upande wa pili, jointi itaachia. Na kumbuka ncha moja ya kila rodi ina nyuzi za kushoto, usije ukalazimisha.

"Relei haihitaji huduma." Inahitaji oili nzito ya gia, EP 90, nayo hujazwa juu kwa kutoa bolti mbili za kifuniko, moja ya kumiminia na nyingine ya kutolea hewa. Ikikauka, stering inakuwa nzito kama jiwe na watu wanalaumu matairi. Ukiifungua, kuwa mwangalifu sana: ndani kuna springi kali iliyobanwa kati ya bushi zilizopasuliwa nusunusu. Ukivuta shafti bila kuzifunga bushi hizo pamoja, springi inaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono au kutoboa jicho. Mimi huzungushia klipu ya paipu, kisha gunia juu yake. Anayekuambia anaifungua mikono mitupu, usimwachie gari lako.

"Magurudumu yanatetemeka, funga dampa." Dampa, kifaa cha kutuliza mtetemo wa stering, inaficha ugonjwa. Angalia kingipini, pini ambazo magurudumu hugeukia, kama zimelegea, beringi za magurudumu na balansi ya matairi.

"Tairodi imepinda, ipashe moto uinyooshe." Hapana, na wala usiichomelee. Nunua nyingine.

Alaimenti, yaani kupanga uelekeo wa magurudumu, nayo watu huikimbilia kwanza ili kuokoa matairi. Haina maana kabla ulegevu haujaisha, kwa sababu kipimo kitabadilika ukitoka tu getini. Ukishamaliza mengine yote, magurudumu ya mbele yaelekeane kidogo, yaani umbali kati ya kingo zao za mbele uwe mdogo kuliko wa kingo zao za nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, kisha kaza klipu za tairodi na weka spiliti pini mpya kwenye kila nati inayozitumia. Pini ya zamani iliyonyooshwa haifungwi tena.