Rosasia: kahawa inasingiziwa

Wiki hii nimeletewa tena ile orodha ya vyakula vinavyodaiwa kuchochea rosasia, ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu na vipele usoni. Kahawa, nyanya, machungwa, chokoleti, maziwa, pilipili, vyote marufuku. Mgonjwa ameifuata kwa miezi, anakula kwa woga, na uso bado unawaka. Krimu ya kukinga jua? Hupaka siku za matembezi tu. Uso anausugua kwa dodoki asubuhi na jioni, kana kwamba rosasia ni uchafu.

Jamani, hakuna orodha moja ya watu wote. Kinachomwasha huyu, yule hakimgusi kabisa.

Kahawa ndiyo inayoonewa zaidi. Mwaka 1981 mtafiti Jonathan Wilkin alichapisha jaribio lake kwa watu wenye rosasia. Kahawa ya nyuzijoto 22 haikuwaletea wekundu. Ya nyuzijoto 60 iliwaletea, na maji matupu ya joto hilohilo pia. Kosa ni la moto! Mwaka 2018 utafiti mkubwa wa wauguzi wa kike Marekani ukaonyesha kuwa wanywaji wa kahawa yenye kafeini waliugua rosasia kwa kiwango cha chini kuliko wasioigusa. Hilo halifanyi kahawa kuwa dawa, lakini mtu aliyeiacha kwa hofu anastahili kuambiwa. Iache ipoe, unywe. Pilipili ni habari nyingine, kwani huamsha neva zilezile zinazohisi joto. Pombe nayo huwasumbua wengi.

Vitabu vinasema andika vichochezi vyako kila siku. Nami huwaambia wagonjwa hivyohivyo, ila daftari hilo linapotosha kuliko tunavyokubali. Siku uliyokula pilipili ndiyo ulipigwa na jua, ukalala vibaya, ukagombana na mtu. Utamlaumu nani? Kwa hiyo jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, zaidi ya mara moja, na kisipokuletea shida kirudishe kwenye sahani.

Nguvu uliyomaliza kwenye chakula ipeleke kwenye kujikinga na jua. Krimu ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, kila siku, hata kukiwa na mawingu. Zenye zinki oksaidi au titani daioksaidi kwa kawaida haziwashi sana. Osha uso kwa ncha za vidole na maji ya uvuguvugu, kisha paka kilainishi kisicho na manukato. Krimu za steroidi, zile za kutuliza uvimbe na mwasho, usizipake usoni kwa kujiamulia: uso hutulia kwanza, kisha hurudi vibaya zaidi.

Ngozi nyeusi huficha wekundu, na wagonjwa wengi huambiwa ni chunusi. Sikiliza joto, mchomo, na vipele visivyo na vichwa vyeusi.

Na wapo wanaofanya yote haya, wakawaka vilevile. Hawajazembea. Dawa za kupaka kama metronidazoli, asidi ya azelaiki na ivermektini zipo kwa ajili yao. Macho yakianza kuchoma au kuhisi mchanga, nenda kwa daktari mapema, maana rosasia ya macho inaweza kuumiza konea, utando angavu wa mbele ya jicho.