Chupa Ikipasuka, Angalia Saa

Mama anaweza kufikisha wiki 36 hana homa, hawashwi, mkojo hauchomi, mtoto anacheza vizuri tumboni, na bado akawa na bakteria ukeni anayeweza kumuua mtoto siku ile ile ya kuzaliwa. Bakteria huyo anaitwa streptokokasi kundi B. Hukaa kwenye utumbo, na kutoka huko huhamia ukeni bila kumsumbua mwenyewe. Duniani, karibu mjamzito mmoja kati ya watano anaye. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2009 ulimkuta kwa asilimia 23 ya wajawazito waliopimwa.

Nianze na aibu, maana ndiyo inayotukwamisha. Hapa Moshi, ukimwambia mama aliyekuja kliniki na mwenzake kwamba ana bakteria ukeni, anamgeukia mumewe kabla hujamaliza kueleza. Jamani, huu hauhesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, wala hauletwi na uchafu. Kujiosha kwa ndani kwa sabuni, ndimu au maji ya majani hakumwondoi. Kunaua bakteria wazuri wanaoulinda uke. Bibi na mashangazi mnaowaandalia mabinti hizo dawa, najua mnafanya kwa mapenzi, lakini nawaomba muache.

Hatari yenyewe iko kwenye saa za kujifungua. Chupa, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, ikishapasuka, bakteria hupanda, mtoto huvuta yale maji, na kutoka mapafuni maambukizi huingia kwenye damu, pengine hadi kwenye utando wa ubongo. Mama mwenye bakteria huyu asipopewa dawa, uwezekano wa kumpitishia mtoto ni karibu nusu. Wanaougua ni mmoja au wawili katika kila watoto 100 wa akina mama hawa. Ni wachache, lakini huugua kwa kasi mno, wengi wao ndani ya saa 24 za kwanza.

Kipimo chenyewe hakiumi. Kijiti chenye pamba hupitishwa chini ya uke na kwenye njia ya haja kubwa, na mama akielekezwa anaweza kujichukulia mwenyewe. Maabara huotesha sampuli hiyo, na majibu hutoka baada ya siku mbili tatu. Hufanyika wiki ya 36 hadi 37 kwa sababu bakteria huyu huja na kuondoka: jibu la wiki ya 20 halikuambii lolote kuhusu siku ya kujifungua. Marekani imependekeza wajawazito wote wapimwe tangu 2002. Uingereza haipimi wote, huangalia vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza hatari kama homa. Kwetu, hakimo kwenye vipimo vya kila mjamzito kama VVU, kaswende na wingi wa damu. Kwa hiyo uliza. Hospitali yenye maabara ya kuotesha inaweza kukifanya, na majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki.

Akionekana, usikimbilie duka la dawa. Hapa ndipo wengi hushangaa. Vidonge vya wiki ya 36 humpunguza kwa muda tu, na uchungu ukianza anakuwa amesharudi. Dawa hutolewa leba, kwa mshipa: penisilini au ampisilini, ikirudiwa kila baada ya saa nne mpaka mtoto azaliwe. Kama penisilini iliwahi kukudhuru, sema mapema, zipo nyingine. Anayepangiwa upasuaji kabla ya uchungu na kabla ya chupa kupasuka haihitaji kwa ajili ya bakteria huyu. Akionekana kwenye mkojo, ile tunayoiita UTI, mama hutibiwa wakati huo huo, kisha bado hupewa dawa leba.

Ili imkinge mtoto vizuri, dawa inahitaji angalau saa nne kabla hajazaliwa. Nalisisitiza hili kwa sababu ya milima yetu. Mama wa Kibosho au Rombo hukaa nyumbani hadi uchungu ukolee, ndipo gari litafutwe. Akifika njia imeshafunguka yote, saa nne tunazitoa wapi? Maji yakimwagika, angalia saa, beba kadi, ondoka. Hata kama hukupimwa, mwambie mkunga mara moja ikiwa mimba haijafika wiki 37, chupa imepasuka saa 18 au zaidi zilizopita, una homa ya nyuzi 38 au zaidi, au uliwahi kuzaa mtoto aliyeugua kwa bakteria huyu. Hata muda ukiwa umebana, dawa isiachwe.

Kuna jambo moja ambalo dripu ya leba haizuii: maambukizi ya baadaye, kuanzia siku ya saba hadi karibu miezi mitatu. Wakati huo mama yuko nyumbani anakunywa mtori na wageni wanaingia na kutoka. Aendelee kunyonyesha. Lakini mtoto aliyenyonya vizuri jana, leo akakataa ziwa, akalegea, akapumua mbiombio au kuguna kila apumuapo, akawa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, msiseme ni mchango. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, msingoje kupambazuke.