Maana ya ukumbi wa kuingilia wa mtindo wa Art Deco

Ukumbi wa kuingilia wa mtindo wa Art Deco ni ile nafasi iliyo kati ya mlango wa mbele na vyumba vya ndani, iliyopambwa kwa maumbo ya kijiometri, kwa vitu vinavyong'aa, na kwa mpangilio ambao aghalabu upande wa kulia hulingana na wa kushoto. Mtindo huu ulienea kati ya vita vikuu viwili vya dunia. Jina lake limetokana na maonyesho ya kimataifa ya sanaa za mapambo na za viwandani yaliyofanyika Paris mwaka 1925, ingawa lilikuja kuzoeleka katika miaka ya 1960.

Mtindo uliotangulia, Art Nouveau, ulipenda maua na mashina yanayojipinda. Art Deco ulileta zigizaga, vidato vya ngazi, miali ya jua linalochomoza na upepeo uliokunjuliwa. Baadhi ya maumbo hayo yalichotwa Misri ya kale, hasa baada ya kaburi la farao Tutankhamun kugunduliwa mwaka 1922, na mengine yaliigwa kutoka kwa meli, treni na magari, vyombo vilivyokuwa fahari ya zama zile. Ukumbi wa kuingilia unaupokea mtindo huu kuliko chumba kingine chochote, kwa sababu watu hupita hapo bila kukaa, na mng'ao ambao ungemchosha mtu chumbani mwa kulala humfurahisha kwa muda ule mfupi wa kuvua viatu na kusalimiana.

Mfano ninaouona bora kuliko yote ni ukumbi wa Eltham Palace, London, uliobuniwa na Rolf Engströmer, msanifu wa Sweden, kwa ajili ya nyumba ya Stephen na Virginia Courtauld iliyokamilika mwaka 1936. Umbo lake ni la pembetatu yenye kuta zilizopinda, na kuta hizo zimefunikwa kwa mbao zilizolainishwa zenye picha zilizoundwa kwa vipande vya mbao vilivyopachikwa, zikiwamo sura za askari wa Kirumi na wa Kiviking wanaoonekana kama wanalinda mlango. Mwanga hushuka kutoka kwenye kuba ya zege yenye vioo vingi vya mviringo, na chini yake kabisa limetandikwa zulia la duara lililobuniwa na Marion Dorn, hivi kwamba duara la juu linajibiwa na duara la chini na macho yanatulia katikati. Ukumbi wa jengo la Chrysler, New York, lililokamilika mwaka 1930, una ukwasi zaidi, kwa marumaru yake mekundu kutoka Morocco na milango ya lifti yenye nakshi za mbao, lakini kwa mwenye nyumba wa kawaida Eltham una mengi zaidi ya kufundisha.

Anayetaka kupamba ukumbi wake kwa mtindo huu aanze na sakafu, kwa kuwa ndiyo inayobeba mchoro wote. Vigae vyeusi na vyeupe vinatosha, na terazo ya zamani, yaani sakafu ya saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe na kung'arishwa, inafaa zaidi. Katikati ya Dar es Salaam na Mombasa bado yapo majengo yaliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi kuanzia miaka ya 1930, yenye mistari ya Art Deco na mwaka wa ujenzi ulioandikwa juu ya ukuta wa mbele. Mwenye kuishi katika jengo la aina hiyo na kukuta terazo imefunikwa aing'arishe upya badala ya kuibandikia vigae vya kisasa.

Baada ya sakafu, meza nyembamba iegemezwe ukutani, juu yake kitundikwe kioo kikubwa cha duara au chenye miali, na kila upande wa kioo iwekwe taa moja ya ukutani yenye kifuniko cha kioo cheupe kama maziwa, ili mwanga uwe laini. Rangi zisizidi tatu, kwa mfano nyeusi, ya maziwa na kijani kibichi kilichokolea, pamoja na metali ya aina moja, ama shaba ama kromu. Wengi huharibu hapa kwa kununua kila kitu cha rangi ya dhahabu, ilhali mng'ao huonekana tu pale unapozungukwa na sehemu zisizong'aa. Viatu na miavuli vifungiwe katika kabati lenye milango, mahali ambapo kioo hakitaviakisi.