Lenzi kubwa haikusaidii kama ndege yuko kwa jirani

Wiki hii tu nimeambiwa mara tatu, wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Ilazo hapa Dodoma, ana bustani ambayo mi naitamani kabisa, mishubiri imechanua, mkwaju upo, bomba linavuja chini ya mpapai, na bado ananiambia "kaka nasubiri nipate hela ya lenzi ya 600 (milimita, ile ndefu ya kuvuta mbali) ndo nianze kupiga picha za ndege." Jamani.

Haya. "Bila lenzi kubwa hupati picha ya ndege." Hii dhana ndo inanichosha kuliko zote ninazosikia. Ndege aliye mita 4 kwa lenzi ya 300 anaonekana ukubwa ule ule wa aliye mita 8 kwa lenzi ya 600, sasa kumsogeza ndege mita 4 ni bure, hiyo lenzi ni hela ya bodaboda. Afu kwa Dodoma hii ikishafika saa nne asubuhi ardhi inawaka, hewa inachezacheza, ukipiga ndege wa mbali anatoka kama kachorwa kwa maji hata lenzi iwe ya milioni ngapi, maana hewa iliyoko katikati ndo mbaya. Piga kuanzia jua linapochomoza mpaka saa tatu, urudi tena saa kumi jioni.

Unamsogezaje? Maji! Juni mpaka Oktoba mvua hapa karibu hakuna, kwa hiyo weka beseni bapa, kina cha vidole viwili basi, jiwe katikati, na kijiti kikavu pembeni, kijiti usisahau, kwa sababu ndege wengi hawashuki majini moja kwa moja, wanatua kwanza wanachungulia usalama na hapo ndo unapiga. Maji badilisha kila siku, sitaki kusikia umefuga mbu.

Wewe kaa ndani nyuma ya pazia, ila FUNGUA WAVU WA MBU. Mtu ananiletea picha zimefifia anasema kamera mbovu nimwangalizie, kumbe kapiga kupitia wavu na fokasi imeshika nyaya badala ya ndege. Gari nalo ni zuri, ukiwa ndani ndege anakuzoea, ukishuka tu kaondoka. Na kama una simu tu, ifunge kwenye tripodi mita moja toka kwenye beseni, bonyeza kwa remoti ya bluetooth ukiwa sebuleni. Wale kasuku wadogo wa kijani, kichwa cheusi na kola ya njano, ambao asili yao ni Tanzania hii hii, nimewapata kwa simu wakinywa maji sita kwa mpigo.

Dhana zingine nazipitia haraka.

"Wale wa njano wamehama." Hawajahama, wewe ndo huwatambui. Mnana dume, yule fundi wa kusuka viota, msimu wa kuzaa ukiisha anavua njano yake anabaki rangi ya majani makavu kama jike, angalia mdomo utamjua.

"Kila kandege kadogo ni kwelea." Najua kwelea wanavyomaliza mtama na uwele, sibishi, ila kale ka kifua cha bluu kanakookota mbegu chini ya mwarobaini hakahusiki, mnyang'anye mtoto hiyo manati.

"Kinda akiguswa na mtu mama anamkimbia." Hapana, akianguka mrudishe kiotani. Kinachoua makinda ni wewe kwenda pale kila siku na kamera na kukata matawi ili "mwanga uingie", unawafungulia njia kunguru na paka.

Na "mkuu, piga sauti yake kwa spika atakuja". Atakuja kweli, anadhani kavamiwa, anaacha kula anahangaika kutafuta adui ambaye hayupo. Mi kwenye mafunzo yangu ukiwasha hiyo spika nakurudisha kwenye gari.