Je, wajua kwa nini vitenge ofisini huvaliwa Ijumaa?

Ingia benki au ofisi ya serikali siku ya Ijumaa, iwe Dar au Nairobi, mara nyingi utakuta suti zimepungua na vitenge vimejaa, dada wa mapokezi kavaa gauni la mikono mipana na kaka wa mikopo kapiga shati lenye ndege kifuani. Jumatatu ukirudi unawakuta hao hao wako kwenye bluu na nyeusi zao za kila siku. Sasa mbona Ijumaa? Kwa nini siyo Jumatano, au siku ya mshahara?

Jibu linalotolewa haraka ni swala ya Ijumaa, na kwa kweli linaingia akilini. Pwani yote ya Waswahili Ijumaa ndiyo siku ya kanzu iliyopigwa pasi na kofia safi, watu wanatoka kazini mchana wanaenda msikitini, basi mtu anaunganisha tu kwamba heshima ya siku ile imehamia mpaka ofisini. Ila ukiifuatilia hoja yenyewe haishikani. Kanzu ya Ijumaa iko pwani miaka na miaka na haikuwahi kumfanya karani avae kitenge, karani wa zamani alikuja na shati jeupe Ijumaa kama alivyokuja nalo Jumatatu. Halafu desturi hii imeshika sana Ghana, ambako Waislamu ni kama mmoja kati ya watu watano, na kabla ya hapo ilishika Hawaii, visiwa vya katikati ya bahari ya Pasifiki ambako Waislamu ni wachache mno. Kama chanzo ni swala, Hawaii ilifikaje?

Kuna wanaosema hapana, hii ni ile Ijumaa ya Wamarekani ya kuacha tai, watu wa kompyuta walitaka kupumzika kabla ya wikiendi na sisi tukaiga. Hawa wamekaribia, maana Marekani kweli imo. Lakini wameanza hadithi katikati na sababu wameiweka siyo. Siku hii ilianza kama mpango wa kuuza nguo, na walioisukuma ni wenye viwanda. Hapo ndipo mimi naona utamu wa jambo lenyewe, kwa sababu sehemu mbili zilizo mbali kabisa, Honolulu kule Hawaii na Accra kule Ghana, zina sababu ile ile.

Tuanze Honolulu. Shati la aloha, lile la maua makubwa, lilianza kutangazwa kwa jina hilo miaka ya 1930, na mashati ya mwanzo mengine yalishonwa kwa vitambaa vya kimono vya Kijapani. Lilikuwa la watalii na la ufukweni, ofisini watu walikaa na koti na tai kwenye joto. Mwaka 1947 wafanyakazi wa jiji la Honolulu wakaruhusiwa mashati mepesi, lakini kwa miezi ya joto tu. Mwaka 1962 chama cha watengeneza nguo wa Hawaii kikampa kila mbunge na kila seneta wa jimbo mashati mawili ya aloha, bure, na bunge likapitisha azimio la kuhimiza mavazi hayo wakati wa kiangazi. Kiangazi ni msimu tu, kinapita. Kwa hiyo rais wa chama hicho, Bill Foster, akaanza kampeni ya kuomba waajiri siku moja tu ya wiki, Ijumaa, na mwaka 1966 ikaanza rasmi. Baadaye wazo la Ijumaa likahamia Marekani bara, na huko nako waliolipa nguvu ni wauza nguo, mwaka 1992 Levi's walituma kijitabu cha mavazi ya kazini kwa mameneja wa utumishi kama 25,000.

Accra ilikuwa mwaka 2004. Viwanda vya nguo vya Ghana vilikuwa vinakufa, vilikuwa na wafanyakazi kama 25,000 mwaka 1977 na kufika 1995 walibaki kama 7,000. Serikali ikazindua mpango wa kitaifa wa vazi la Ijumaa, na wizara iliyousimamia ni ya biashara na viwanda. Wizara ya utamaduni haikuwa mbele. Hilo peke yake linakueleza lengo lilikuwa nini.

Sasa kwa nini siku maalumu, kwa nini wasiwaambie watu tu vaeni vya kwenu mkipenda? Chukua upatu. Ukisema mwenyewe utaweka elfu kumi kila wiki, wiki ya kwanza utaweka, ya pili mtoto anaumwa, ya tatu umesahau kabisa. Ingia upatu wa watu kumi, kijumbe anapita siku ile ile, tisa wenzako wameshatoa, na wewe utatoa. Hela ni ile ile na mfuko ni ule ule, tofauti ni kwamba siku inajulikana na wote wanaangaliana. Kitenge ofisini ni hivyo hivyo. Kivae peke yako Jumanne, kila unayepishana naye kwenye korido anakuuliza leo kuna harusi, mpaka saa nne umeshachoka kujieleza. Ikiwepo siku, anayetakiwa kujieleza ni aliyekuja na suti. Na kama upatu, mzunguko unarudi. Sare ya harusi unaivaa mara moja inaenda kulala kabatini, lakini Ijumaa inarudi kila wiki, na shati jeupe unaweza kulirudia hakuna atakayejua, ila lile la ndege wekundu ofisi nzima inalikumbuka, kwa hiyo huna budi uwe nayo matatu au manne. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni oda isiyokatika.

Na Ijumaa yenyewe ndiyo siku ambayo bosi hapati shida kuitoa, vikao vizito vingi vimeshapita. Inaombwa siku ndogo, watu wakizoea macho inapanuka. Hawaii ndivyo ilivyokwenda, ndani ya miaka michache baada ya 1966 shati la aloha likawa la wiki nzima, na mpaka leo ofisi nyingi za huko ndilo vazi la kazi.

Je, vazi la Ijumaa lilisaidia viwanda? Hapa tuwe waangalifu. Ghana watu walivaa kweli kweli na mafundi cherehani walipata kazi, lakini kufika mwaka 2005 wafanyakazi wa viwandani hawakufika hata 3,000, na hata hivyo mwaka mmoja ni muda mfupi kuulaumu mpango. Tatizo ni kwamba Ijumaa inaleta hamu ya kitenge, haikuelekezi ununue cha kiwanda gani. Vitambaa vya kughushi kutoka nje viliingia na michoro ile ile kwa bei ya chini, mpaka serikali ikaunda kikosi cha kuvikamata na kuvichoma.

Hilo unaweza kuliangalia mwenyewe. Kabla fundi hajakata, funua pisi yako usome pindoni, pale pembeni kabisa huwa pamechapwa jina la kiwanda na mara nyingine nchi. Fundi mzuri hapo hapo anakunja kitambaa mara mbili na kusogeza mfuko wa kifua taratibu mpaka mchoro wake ukutane na wa shati, ndege asikatwe kichwa, kisha pindo linakatwa na kuanguka chini na jina la kiwanda linaondoka nalo. Ukishavaa hakuna anayeweza kukuambia kimetoka Ubungo pale Urafiki, kiwanda kilichojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa China, au kimetoka Helmond, Uholanzi, ambako Vlisco wanatengeneza tangu 1846.

Kenya nafikiri waliliona hili. Mwaka 2019, mwaka ule ule kiwanda cha nguo cha Rivatex cha Eldoret kilipofunguliwa upya, serikali iliwataka watumishi wa umma wavae Ijumaa nguo zilizotengenezwa Kenya. Msisitizo ulikuwa mahali ilikotengenezwa, ukivaa shati la kawaida la Eldoret umetii, ukivaa kitenge kizuri cha kutoka nje hujatii. Mimi naona huo ndio usemi sahihi zaidi katika yote.

Ila desturi bado ina mipaka. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kiasili ndani ya Bunge la Kenya, wakati Rais Ruto mwenyewe alikuwa akionekana sana na hizo suti za Kaunda. Na Ijumaa isingemsaidia mbunge yeyote, kwa sababu kwa ratiba ya kawaida Bunge la Taifa hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi.